Mtafutieni Kwao Kwanza

Wanangu,

Mwisho wa mwezi huu nakabidhi funguo za kabati la mafaili, nanyi mtabaki na kazi ya watoto wasio na wa kuwasemea. Taarifa ya makabidhiano nimeshaiandika, iko mezani kwa mkurugenzi: idadi ya watoto, familia zilizosajiliwa, kesi zilizoko mahakamani, ziara zilizopangwa. Ya ofisi yote yamo humo. Haya ya hapa ni wosia wangu kwenu, na nataka myapate kwangu mwenyewe ningali na nguvu za kushika kalamu.

Neno langu kubwa ni moja. Mtoto akiletwa ofisini, mtafutieni kwao kwanza. Kabla ya makao ya watoto, kabla ya mlezi wa kambo, kabla ya wale wazazi walioko kwenye orodha wanaosubiri kwa hamu, ulizeni: mtoto huyu ni wa nani, ametoka wapi, nani hapati usingizi kwa ajili yake? Na kila mtakachokipata kiandikeni, hata kiwe kidogo namna gani. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Niwape kisa cha mtoto mmoja, jina lake nalihifadhi. Aliletwa na dereva wa lori aliyemkuta akilia jioni pale Mwembe Tayari, penye mabasi ya bara. Alikuwa na umri wa kama miaka minne. Jina la baba hakulijua, kijiji hakukijua, na mama alimwita mama tu, kama aitavyo mtoto yeyote wa umri ule. Polisi walimwandikisha tukapewa nambari ya OB, kitabu chao cha matukio, afisa wa watoto akalipeleka suala lake mahakama ya watoto ya Tononoka, hakimu akaamuru akae makao kwa muda. Hadi hapo sheria ilikuwa imefuatwa vizuri. Lakini hatari ya kazi yetu huanzia hapo hapo, karatasi zikishakuwa sawa. Mtoto ana kitanda, anakula, faili limegongwa muhuri, na mwenye faili ana mafaili mengine yanamngoja. Miaka inapita hivyo.

Aliyetufungulia njia ni mlezi wa zamu ya usiku, mama ambaye shule hakufika mbali. Alikuwa akimwogesha, mtoto akasema kwao treni hupita juu na mbuzi hupita chini. Wengine tungelisikia tukadhani ni maneno ya kitoto. Yeye aliyashika, na asubuhi akatueleza neno kwa neno. Treni ipitayo juu ni hii ya reli mpya, SGR, iliyoanza safari zake 2017. Reli yake imejengewa madaraja na vivuko vya chini ili watu na mifugo wapite. Basi tukaifuata reli: Mariakani, Samburu, Taru, hadi Mackinnon Road. Kila tulipofika tuliingia kwa chifu, tukaketi na wazee wa mtaa, tukapita msikitini na kanisani. Tuliacha maelezo kwa wachunga mbuzi na wachoma makaa pia, kwa kuwa wao ndio wapitao chini ya yale madaraja kila siku. Chifu mmoja akatuambia yuko ajuza ambaye kila siku ya soko huenda kituoni kuwauliza makondakta habari za mjukuu wake. Mama wa mtoto alikuwa amefariki. Mjomba alimchukua kumleta Mombasa aanze shule, wakapotezana katika msukumano wa abiria, na mjomba akaona haya kurudi nyumbani bila mtoto, akanyamaza.

Bibi yule alipofika ofisini hakumkimbilia. Aliketi sakafuni, akafungua kifundo cha leso, akatoa mabuyu, akaanza kuyamung'unya taratibu. Mtoto alimtazama kwa mbali, akasogea, akasogea tena, kisha akakinga kiganja chake chini ya kidevu cha bibi. Bibi akamtemea mbegu mkononi kama mchezo waliouzoea, naye akacheka. Tulikuwa tumeandaa maswali ya kuhakikisha undugu. Tuliyauliza yote, maana hayo lazima yaulizwe, tukaiangalia kadi ya kliniki, tukawasikiliza majirani na chifu. Lakini kila aliyekuwa chumbani alikuwa ameshapata jibu.

Kumrudisha hakukuwa mwisho wa kazi. Bibi alikuwa na kibanda cha udongo, na mbuzi wenyewe si wake. Tulimsaidia kuingia katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao humpa mlengwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo si nyingi, lakini zilinunua unga na sare za shule. Na mjue kwamba kumweka mtoto mmoja makao kwa mwezi hugharimu mara kadhaa ya hizo. Msiache kuyasema hayo mbele ya wahisani. Ukimwambia mhisani ajenge bweni atakuelewa upesi, maana bweni hupigwa picha na kuwekewa kibao. Kumwambia amsaidie bibi mmoja wa Taru amlee mjukuu wake palepale alipo, hilo linahitaji subira na maneno mengi. Yasemeni hivyo hivyo.

Sheria inatupa muda wa kutafuta, lakini naona wengi wetu huuchukulia kuwa muda wa kungoja. Kwa mtoto aliyepatikana ametupwa, polisi hutoa barua ya kwanza anapoandikishwa, na baada ya miezi 6 hutoa barua ya mwisho kwamba hakuna aliyejitokeza kumdai. Bila barua hiyo hawezi kutangazwa kuwa yuko huru kuasiliwa. Nimeona mafaili ambayo kati ya barua ya kwanza na ya pili hamna hata mstari mmoja. Hakuna aliyekwenda zahanati ya jirani kuuliza nani alijifungua wiki ile, hakuna aliyerudi mahali mtoto alipookotwa kuongea na wauza mboga wa asubuhi. Mama aliyemwacha mtoto mchanga mara nyingi hukaa karibu akitazama nani atamchukua. Jirani anamjua. Mwanamke aliyekuwa na tumbo jana na leo hana tumbo wala mtoto, mtaa mzima unamwona.

Mkimpata, msiende naye kwa ukali. Wengi ni wasichana wa shule waliotishwa na baba zao, au wafanyakazi wa nyumbani waliopata mimba kwa mwenye nyumba. Mkae naye. Mwelezeni kwamba tangu 2020 nchi yetu ina mwongozo wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua. Mpelekeni kwa shangazi au nyanya anayeweza kumsikiliza. Na ikiwa baada ya hayo yote bado anasema hawezi kulea, basi sheria yetu haiikubali idhini yake ya kumtoa mtoto aasiliwe kabla mtoto hajatimiza wiki 6. Wiki hizo ziliwekwa kwa hekima. Mwili wa mzazi unatulia, hofu inapungua, na wengi hubadili nia pindi wakipata mtu mmoja wa kuwaambia kuwa inawezekana. Msimsukume upande wowote. Atakayekuja na kalamu wakati msichana bado yuko kitanda cha uzazi, mtoeni nje ya chumba.

Sasa niseme kuhusu makao, maana mtasikia mengi. Watu wengi hudhani waliomo ni yatima. Nimefanya kazi hii hadi mvi zimenijaa, nanyi mtayaona mafaili wenyewe: wengi wana mama, au baba, au wote wawili, na karibu kila mmoja ana jamaa wa damu. Walioletwa waliletwa kwa sababu ya njaa, karo, ugonjwa, au kwa kuwa mtoto ana ulemavu na mzazi aliambiwa pale kuna huduma. Makao yalifungua milango kwa nia njema, mzazi akaona mtoto wake anavaa viatu na anakula mara tatu kwa siku, akamleta wa pili.

Lakini viatu na chakula havitoshi. Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka huko Romania mwishoni mwa 1989, dunia iliona maelfu ya watoto waliokuzwa katika majumba makubwa. Watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa Bucharest kuanzia 2000. Nusu yao walipelekwa kwa familia walezi, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya taasisi za huko. Waliopelekwa katika familia waliendelea vizuri zaidi kwa akili na kwa kushikamana na watu, na waliotolewa kabla ya kufika miaka miwili hivi ndio waliofaidika zaidi. Nayataja haya ili mtu akiwaambia "mwacheni huyu mchanga makao kwanza, mambo yake tutayaangalia mwakani", mjue mwaka huo una bei gani kwa ubongo wa mtoto.

Serikali yetu imekubali hoja hiyo. Mkakati wa kitaifa wa kurekebisha malezi ya watoto ulizinduliwa 2022 na unakwenda hadi 2032, na lengo lake ni kuwatoa watoto makao na kuwarudisha katika familia. Nauunga mkono kwa moyo wote, ila nawasihi msiwarudishe watoto kama mizigo ya bandarini. Nimeona watoto wakipandishwa matatu na mfuko wa nguo na kupelekwa kwa mjomba ambaye hakuulizwa. Miezi michache baadaye tukawapata barabarani. Wasimamizi wa makao nao wasionekane maadui. Makao mamoja tuliyoshirikiana nayo upande wa Kwale yamekuwa kituo cha mchana: watoto wenye ulemavu huja asubuhi kufanyiwa mazoezi ya viungo na jioni hurudi kwa mama zao. Walezi walewale, vyumba vilevile, jiko lilelile, na kila mtoto analala kwao. Wapelekeni wasimamizi wengine wakajionee.

Kwa mtoto ambaye kwao hakupatikana, au kwao si salama, tuna malezi ya kambo. Hapo ndipo penye mahitaji makubwa kuliko kwingine kote, na walezi ndio tulio nao wachache zaidi. Jirani zetu wa Rwanda walipoanza mpango wao wa kuwarudisha watoto katika familia 2013, walikuwa na zaidi ya watoto 3,000 katika makao, na kule familia walezi wa kujitolea, wanaoitwa Malayika Murinzi, hupewa heshima hadharani. Nasi tuna watu wa namna hiyo. Wako Kisauni, wako Changamwe, wanauza maandazi na kushona nguo. Hawajioni kuwa mashujaa, na kwa hiyo hatuwaoni. Kila mwaka tunapofanya siku ya familia walezi, mtambue kwamba si sherehe ya watoto peke yao. Waiteni walezi mbele kwa majina yao, mbele ya majirani zao.

Mnapomfundisha mlezi mpya, mwambieni ukweli wa nyumbani. Mtoto aliyewahi kulala njaa ataficha chakula. Mama mmoja wa Likoni alikuwa akikuta chapati chini ya mto, maandazi ndani ya viatu, wali umefungwa kwenye soksi, na siafu wameshaingia. Alinipigia simu akilia, akidhani mtoto ni mwizi. Tukaketi tukalizungumza. Akanunua bakuli la plastiki lenye kifuniko, akaliweka kando ya kitanda cha mtoto, akamwambia hili ni lako, usiku ukiamka kula, na kila jioni nitalijaza. Kwa wiki kadhaa bakuli liliamka tupu. Halafu likaanza kuamka na kitu ndani. Halafu mtoto akalisahau. Hakuna semina iliyonifundisha kama bakuli hilo, na nimewaeleza habari zake walezi wote waliofuata. Waambieni pia kuhusu kukojoa kitandani, kuhusu mtoto anayemkumbatia kila mgeni, kuhusu mtoto asiyelia hata akiumia. Huyu wa mwisho ndiye wa kumtazama kwa makini zaidi.

Na mwambieni mlezi wa kambo kwamba siku ya kuagana inaweza kuja. Mtoto anaweza kurudi kwa mama yake mzazi aliyepona au aliyetoka gerezani. Mlezi atalia, nanyi mkae naye alie. Msimwambie alijua tangu mwanzo. Kujua hakupunguzi. Pangeni aendelee kumtembelea ikiwa familia imeridhia, na picha zake zipelekwe pamoja na mtoto, zisibaki kwenye simu yenu.

Sisi wa Pwani tuna njia nyingine ambayo kwa muda mrefu sheria ya nchi haikuitaja. Familia nyingi za Kiislamu zilikuja hapa zikiwa na nia, zikasikia habari za kuasili, jina kubadilishwa na urithi, zikashukuru na kuondoka. Hazikukosa huruma. Zilijua kwamba nasaba ya mtoto haifutwi na kwamba huitwa kwa baba yake, kama kisa cha Zayd bin Haritha, mwana wa kulea wa Mtume, kinavyofundishwa katika kila chuo cha Kurani. Mtume mwenyewe alikuwa yatima, akalelewa na babu yake kisha ami yake. Njia yetu hiyo ni kafala, kumlea mtoto bila kumfutia nasaba yake. Imetajwa katika kifungu cha 20 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na Sheria yetu ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, nayo ikaitambua. Mlango uko wazi sasa, lakini watu hawajui. Nendeni misikitini, muombe nafasi baada ya swala ya Ijumaa, na mwende na shekhe anayeielewa kafala.

Jiandaeni kwa maswali, maana mama wa Kimvita hatauliza maswali mepesi. Atauliza: mvulana huyu akibaleghe, nitajistiri ndani ya nyumba yangu mwenyewe? Mjibuni kwamba wanawake wetu walikuwa na jibu tangu zamani. Mvulana aliye chini ya miaka miwili akinyonyeshwa na dada wa mama mlezi, kwa masharti ambayo wanavyuoni wanayaeleza, mlezi anakuwa mama yake mdogo wa kunyonya na ni maharimu. Msichana akinyonyeshwa na dada wa baba mlezi, baba anakuwa mjomba wake. Atauliza kuhusu mali. Mjibuni kwamba mtoto harithi kama mwana wa kuzaliwa, lakini mlezi anaweza kumpa hiba akiwa hai, au kumuusia katika thuluthi ya mali yake. Na haya yaandikwe wakati mlezi ni mzima, yasiachwe yakawa ugomvi matangani.

Kuhusu kuasili sitasema mengi, mnazijua taratibu: umri wa kati ya miaka 25 na 65, tofauti ya miaka 21 baina ya mwombaji na mtoto, ziara za nyumbani, kamati ya kesi, kuzoeana, miezi 3 mfululizo mtoto akiwa mikononi mwa waombaji, kisha mahakamani, ambako huteuliwa mtu wa kuangalia maslahi ya mtoto kabla ya amri kutolewa. Waombaji watalalamika kwamba ni safari ndefu. Wavumilieni, kwani wengi wamepita miaka ya hospitali na maneno ya mawifi kabla ya kubisha mlango wetu. Lakini msifupishe hata hatua moja kwa machozi ya mtu mzima. Tunamtafutia mtoto familia. Hatuitafutii familia mtoto. Wengi huja wakiomba msichana, mchanga, mwenye afya, na wakitaja hata rangi. Wavulana hungoja, na wenye umri wa kwenda shule hungoja zaidi. Waonyesheni waombaji hao watoto waliopo, kwa upole, na muwape nafasi ya kufikiri.

Pesa msizipokee. Wala saa ya mkononi, wala nauli ya kurudia nyumbani, wala mbuzi wa Idi. Mnakumbuka Novemba 2014 Baraza la Mawaziri liliposimamisha wageni wa nje kuasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara ya watoto. Waombaji waaminifu waliumia, na watoto waliokuwa wameshazoeana nao waliumia. Na Novemba 2020 BBC ilipoonyesha jinsi watoto wachanga wanavyoibwa na kuuzwa Nairobi, nililia mbele ya runinga, kwa kuwa nilijua mnunuzi alitaka kitu kilekile wanachotaka waombaji wetu, na muuzaji alimpa bila maswali. Maswali yetu ndiyo tofauti. Mtoto akiletwa na mtu mwenye haraka, mwenye karatasi safi mno, simameni. Pigeni 116, mpigieni afisa wa watoto, ulizeni hospitali kwa maandishi.

Nimefika kwenye mafaili, na hapa naomba mniazime masikio zaidi. Nimeona rekodi iliyoandikwa: "Mtoto wa kike, takriban siku 2, alipatikana ametupwa, hali nzuri." Basi. Mtoto huyo leo ni mwanamke mwenye mume, na hayo ndiyo yote anayoyajua kuhusu siku yake ya kwanza duniani. Hajui alipatikana wapi, saa ngapi, nani alimwinua, alifungwa nguo gani, alikuwa analia au amelala. Aliyeandika alikuwa na dakika kumi na kalamu mkononi. Mkataba wa 1989 unasema katika kifungu cha 7 kwamba mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Wakati mwingine kinachowezekana ni mstari mmoja wenu tu.

Andikeni mkijua msomaji ni mtoto mwenyewe akiwa mtu mzima. Andikeni alikuwa amefungwa leso ya rangi gani na maandishi yake yalisema nini, na leso yenyewe ifueni, ikunjeni, muiweke kwenye bahasha. Andikeni jina la aliyemwona kwanza na nambari yake ya simu, na mrudi kwake mwakani kuhakikisha nambari haijabadilika. Msiandike mama "alimtupa" ikiwa mlichoona ni kwamba alimweka kivulini, akamfunika, mahali ambapo watu hupita. Andikeni mlichoona. Hata uraia wake unaweza kusimama juu ya rekodi hiyo: Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtoto aliyepatikana Kenya, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane na ambaye wazazi wake hawajulikani wala uraia wake, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Akiwa na miaka 18 na kuombwa vyeti vya wazazi kwenye dirisha la kitambulisho, faili lenu ndilo litakalomsemea.

Na wazazi walioasili waambieni mapema wamwambie mtoto ukweli, angali mdogo, kwa maneno ya kitoto, mara kwa mara, hadi iwe habari ya kawaida nyumbani. Akiambiwa na mtoto wa jirani katika ugomvi wa mpira, atauliza ni mangapi mengine aliyofichwa. Nimewapokea wengi wa namna hiyo hapa ofisini, vijana wa miaka ishirini na kitu, wamekaa kwenye kiti kile cha mbao wakishika faili kwa mikono miwili kabla ya kulifungua. Msiwaachie wakalisome peke yao. Kaeni nao, chai iwe tayari, na siku hiyo msipange kazi nyingine.

Nanyi jitunzeni. Kazi hii itawanyima usingizi, na mtaona mambo ambayo hamwezi kuyasimulia nyumbani. Simulianeni nyinyi kwa nyinyi. Mwenye likizo aende likizo.

Yaliyobaki ni ya wiki hii na ijayo, na sikuyaweka katika taarifa kwa kuwa yanahitaji mtu, hayahitaji karatasi. Wale ndugu watatu, wawili wako makao Kisauni na mdogo wao yuko kwa mlezi Likoni. Wakutane kila mwezi bila kukosa, hata kivuko kikiwa na foleni, hadi tupate familia moja ya kuwachukua wote. Msikubali kuwagawa kwa sababu ni rahisi. Yule mama wa Kaloleni aliyerudishiwa mwanawe mwenye mtindio wa ubongo, kiti cha mtoto kimevunjika gurudumu. Fundi wa Mariakani anacho kifaa cha kukirekebishia, ameshalipwa, kinahitaji kuchukuliwa tu.

Na yuko binti mmoja aliyeasiliwa akiwa mchanga, wazazi wake walezi wamempa baraka zao, anataka kumwona mwanamke aliyempata ufukweni alfajiri ile. Mwanamke huyo ni mama karanga, bado anakaanga samaki Likoni, nambari yake imo kwenye ukurasa wa pili wa faili na nimeihakiki. Anasema anamkumbuka vizuri, na kwamba yuko tayari siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Binti ameomba asiende peke yake. Nauli ya watu wawili iko kwa mhasibu kwenye bahasha yenye jina la binti. Mmoja wenu aende naye, na ampigie huyo mama karanga simu kabla ya saa tano, kwa sababu baada ya hapo anakuwa jikoni na hasikii.

Mama yenu wa ofisini,
Mombasa